Nilimfuta Vardis kwa Mkono Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa mbele ya kompyuta, kidole kiko juu ya kitufe, na nyuma yangu kuna familia nzima imevaa nyeusi. Wengine mmeniandikia mkidai nawachezea shere kwa kukatisha pale. Sikuwa nawachezea. Mkono ulikataa kuandika.

Leo nitaandika. Kwa aliyeingia sasa hivi, mimi ni Rodanthi, wa milimani Krete. Chumba ambacho marehemu baba alikuwa akihifadhia jibini nimekigeuza cha kurekodia muziki, na kuta zake nimezibandika sufu ya kondoo ili sauti isitoke nje. Mume wangu alikimbilia Athene na mwimbaji niliyemrekodi mwenyewe, tena bure. Kisha mafuriko yakaja yakala diski yangu ya akiba. Nikabaki na kompyuta moja na mdogo wangu Marinos, mpiga laouto, lile gitaa letu la shingo ndefu. Mtoto wa watu ana sauti nzuri na kichwa kigumu.

Rafiki yake Vardis alirekodi kwangu wimbo mmoja. Alipiga zeze mwenyewe, akaimba mwenyewe. Kabla wimbo haujatoka, gari lake lilitumbukia korongoni.

Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki mwaka mzima. Baba yake, Mzee Anagnostis, aling'oa hata redio ya gari lake akaitupia mbuzi. Akaapa kwamba sauti ya kwanza kuingia tena nyumbani kwake itakuwa ya Vardis mwenyewe, siku ya kumaliza mwaka.

Siku hiyo ndiyo niliyowaacha. Walikuwa wametoka makaburini, wageni wanangoja mezani kwao, na mama yake Vardis, Kalliopi, alikuwa bado ameshika bakuli la ngano ya kuchemsha inayoliwa kumkumbuka marehemu.

Nikabonyeza.

Zeze likaanza. Kalliopi akafumba macho. Mzee akavua kitambaa chake cha kichwani akakishika kifuani. Grigoris, kaka mkubwa wa Vardis, akabaki mlangoni na bastola kiunoni. Yule hata kanisani huingia nayo. Marinos alikuwa kando yangu na laouto yake.

Zeze likafika pale sauti inapoingia. Sauti haikuingia.

"Anachelewa," Mzee akasema, akicheka kidogo. "Huyu mtoto hata kwenye wimbo anachelewa."

Zeze likaendelea peke yake. Ubeti wa kwanza ukapita bila mtu. Wa pili nao ukapita. Kwenye kioo mstari wa sauti ya Vardis ulikuwa mtupu, na juu yake maandishi mekundu: faili halipatikani.

"Yuko wapi?" Kalliopi akauliza, macho bado kayafumba.

"Mashine ina mafua leo, mama," nikasema. "Nendeni mkale na wageni. Nitaiwasha upya, nitawaletea mwenyewe."

"Mafua," Grigoris akasema.

"Ndiyo."

"Tumechinja nusu ya zizi, kijiji kizima kiko kwetu kinasubiri kumsikia marehemu, na wewe unaniambia mafua? Hebu sogea."

Grigoris hajui kompyuta, lakini kusoma anajua. Kwenye orodha ya kazi zangu aliona imeandikwa "Vardis". Chini yake akaona imeandikwa "Marinos, harusi". Akabonyeza hiyo ya chini kabla sijamshika mkono.

Zeze lile lile la Vardis likalia. Safari hii sauti ikaingia, kubwa, safi kabisa. Sauti ya Marinos.

Ndugu zangu, mlichokisia ndicho. Marinos alikuwa amepata kazi ya harusi kwenye hoteli moja ya pwani, na bwana harusi aliutaka wimbo ule ule. Nilimwambia asubiri mwaka uishe. Akasema bwana harusi hawezi kusubiri mwaka, bibi harusi tumbo limeshaanza kuonekana. Nikacheka, nikakubali, hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilichukua kazi ya Vardis nikaihifadhi kwa jina jipya. Nikaitoa sauti yake, nikaiweka ya Marinos. Zeze nikaliacha kwa sababu hapa milimani hakuna anayelipiga vile. Jina lilikuwa jipya, lakini sauti zote za nyimbo hizo mbili zilibaki kwenye folda ile ile moja.

Kisha diski ikajaa, Marinos yuko katikati ya kurekodi, anapiga kelele nifanye haraka. Nikaiambia programu ifute mafaili yote yasiyotumika. Ikaniletea orodha ndefu ya namba na ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Kwenye wimbo wa Marinos sauti ya Vardis haikuwa na kazi yoyote, kwa hiyo ikafutwa, moja kwa moja. Programu haikujua kwamba upo wimbo mwingine unaoitegemea folda ile. Kujua hilo ilikuwa kazi yangu. Na baada ya hapo nikarekodi ngoma za harusi mbili juu ya diski ile ile, hata programu za kufufua mafaili zisingeambulia kitu.

Grigoris alimshika Marinos nywele za kisogoni akampigiza uso kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Akamwinua, akampigiza tena. Vitufe vikamchana shavu, na jino likaruka hadi kwenye bakuli la ngano alilolishika Kalliopi. Kalliopi akaliangalia lile jino, akalitoa kwa vidole viwili, akaliweka mezani.

"Mwaka mzima sisi hatujaimba!" Grigoris akanguruma. "Mama yangu hajasikia hata kengele ya redio! Na wewe unaimba juu ya zeze la ndugu yangu, watu wacheze?"

"Grigoris, nisikilize..." Marinos akaanza.

"Umemfuta, ukakaa mahali pake!"

Akaitwaa laouto ya Marinos, ambayo ni ya baba yetu, akaipasua kwenye kizingiti. Nyuzi zikalia mara moja tu. Kisha akachomoa bastola akapiga risasi ukutani, tena na tena, karibu na kichwa cha ndugu yangu. Sufu ikazimeza zote. Chumba changu nilikijenga vizuri mno. Angeweza kutuua sote na jirani akaendelea kukamua mbuzi wake.

Nikashika stendi ya maikrofoni, ile ya chuma, nikambamiza nayo sikioni.

Akayumba. Akageuka na ngumi imeinuliwa, damu inamtiririka shingoni. Ngumi ikabaki hewani.

"Shukuru Mungu wewe ni mwanamke," akasema akihema.

"Nipige! Mimi ndiye niliyefuta, nipige mimi!"

"Najua. Umefuta wewe. Atalipa yeye."

Ndivyo kwetu. Mwanamke haguswi. Kosa lake hubebwa na kaka yake, na kama hana kaka, na baba, na kama wote wamekwisha, hutafutwa binamu. Wenyewe wanaiita heshima. Mimi nilikuwa radhi nivunjwe mbavu zote kuliko kuheshimiwa namna ile.

Marinos akasimama kwa kushikilia kiti. Akatema damu.

"Dada yangu anadanganya," akasema. "Nilifuta mimi. Yeye alikuwa jikoni."

"Nyamaza, mpumbavu wewe!"

"Nilifuta mimi, Mzee. Nilitaka nafasi kwenye diski."

"Wewe hata kuiwasha hujui!" nikamfokea. "Juzi umenililia nikutafutie kitufe cha kuongeza sauti!"

"Rodanthi, kaa kimya kwa mara moja katika maisha yako!"

Mzee Anagnostis akapiga bakora yake sakafuni. Tukanyamaza. Hadi hapo alikuwa hajanyanyua mguu.

"Nani alibonyeza?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," Marinos akasema.

Mzee akamtazama Grigoris akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayeruhusu kondoo afunguliwe kamba. Grigoris akaukamata mkono wa kushoto wa Marinos, ule wa kubana nyuzi, akaubandika kwenye fremu ya mlango. Mlango wa chumba changu ni mzito, wa mbao za mwaloni, umejazwa sufu katikati. Akaupiga teke.

Chumba kile kimetengenezwa kunasa kila kitu. Nilisikia vidole vya ndugu yangu vikivunjika kimoja kimoja. Marinos akalia kama sijawahi kumsikia akilia tangu tulipomzika mama, na mimi nikamrukia Grigoris mgongoni, nikamng'ata bega hadi nikahisi chumvi ya damu yake. Akanitupa chini bila kunipiga. Hata hapo alinitupa kwa adabu.

"Mwingine," Mzee akasema.

Grigoris akaushika mkono wa kulia.

Ndipo Kalliopi akasema, kwa sauti ya chini, kama anauliza bei ya vitunguu.

"Hakuna kitu kabisa, Rodanthi? Hata kikohozi?"

Grigoris akasita na mkono wa ndugu yangu. Mimi nikainuka kutoka sakafuni, damu imenikauka mdomoni, na kichwani neno moja tu.

Kikohozi!

Nikakimbilia kompyuta. Sikuifungua ile programu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye folda yenyewe, nikashuka, nikashuka, na hapo chini kabisa nikayakuta. Mafaili kadhaa yenye namba ambazo hazimo kwenye wimbo wowote.

Nitaeleza kwa kifupi. Siku Vardis aliporekodi, alikosea mara nyingi kabla hajapatia. Yale aliyokosea niliyaondoa kwenye orodha ya wimbo siku ile ile ili nisichanganyikiwe, lakini kwenye diski sikuyafuta. Uvivu tu. Nilipotengeneza nakala kwa ajili ya Marinos, nakala ile haikuwa na habari kwamba yapo, na programu ilipoambiwa ifute visivyotumika ikafuta tu kile ilichokijua. Alichoimba vizuri Vardis kilikuwa kimekwenda. Takataka zake zote zilikuwa pale, salama.

"Mwacheni," nikasema. "Nimempata."

"Unamdanganya nani?" Grigoris akasema.

Nikabonyeza la kwanza.

Kikohozi kikajaa chumba. Kikohozi kikubwa cha mvuta sigara, kisha sauti ya Vardis, hai, imekasirika: "Shenzi! Koo kavu kama buti la babu. Rodanthi, leta raki, acha ubahili wewe mwanamke."

Mzee akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Nikabonyeza la pili. Vardis akaimba mstari na nusu, akapotea, akaanza kujicheka. "Ngoja, ngoja. Baba akisikia hii atasema kuna mbuzi anachinjwa."

"Ningesema hivyo kweli," Mzee akanong'ona. Machozi yakamshuka kwenye ndevu za mwaka mzima alizokuwa hajanyoa. "Ningesema hivyo hivyo, mwanangu."

Grigoris akauachia mkono wa Marinos. Akageukia ukuta akaegemeza paji la uso kwenye sufu yenye matundu ya risasi, mabega yakitetemeka. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijui hata leo ni kipi kilikuwa kikubwa.

Kalliopi peke yake hakulia. Alisogea karibu na spika akainama, sikio likaigusa kabisa.

"Na wimbo?" akauliza.

"Umo humu vipande vipande, mama. Hapa kaimba mstari huu, pale kaimba ule. Nikiviunganisha atakuwa mzima."

"Unganisha," Mzee akasema. Akajifuta uso, akasimama, na aliposimama alikuwa tena yule aliyesema "Mwingine." "Wageni watakula polepole. Ukituletea Vardis mzima, anaimba mwanzo mpaka mwisho, Marinos atakaa mezani na sisi na mambo yaishe. Tutakwenda naye sasa."

"Anahitaji daktari!"

"Anahitaji wimbo," Grigoris akasema bila kugeuka. "Usipokuja nao, njoo na sanda."

Msiniulize kwa nini sikupiga simu polisi. Polisi wako mjini, mji uko chini ya mlima, na hata wakija huambiwa mtu ameteleza. Marinos alipotolewa nje alinikonyeza kwa lile jicho ambalo lilikuwa bado linafunguka. Mpumbavu yule. Nilivaa hedifoni nikaanza kazi huku nikilia na kutukana.

Nilikata. Neno kutoka huku, neno kutoka kule. Silabi moja niliitoa kwenye tusi. Mahali Vardis alipocheka katikati ya neno, nilichonga kicheko hadi kikaisha. Zeze lilikuwepo zima, kwa hiyo nilimlaza juu yake, nikamsogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka akakaa. Ubeti wa kwanza ukasimama. Wa pili ukasimama. Wa tatu ulinitoa jasho, lakini nao ukasimama, na nilipousikia nilisahau kwamba amekufa, nikampigia makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Kisha nikafika ubeti wa mwisho.

Nikatafuta faili la kwanza. Haupo. La pili, haupo. Nikayasikiliza yote upya, kwa haraka, kisha polepole, kisha nikayarudia nikiwa nimeshika kichwa. Haupo popote.

Na sababu ilikuwa ya kijinga kabisa. Mtu anayekosea huacha palepale alipokosea. Vardis alikosea kila mara mwanzoni au katikati, akakohoa, akatukana, akaanza upya. Mwishoni alifika mara moja tu, siku aliyopatia. Na hiyo ndiyo niliyoifuta.

Ubeti wenyewe kijiji kizima kinaujua, kwa sababu Vardis alikuwa akiuimba akipita na kondoo chini ya nyumba yao:

*Mama usifunge mlango, hata giza likiingia,*
*nipo njiani ninaimba, kwako mama nitafikia.*

Kalliopi alikuwa ameungojea huo. Mwaka mzima ameungojea huo na si mwingine.

Kwenye kompyuta yangu mtu mmoja tu alikuwa ameuimba hadi mwisho, juu ya zeze lile lile, kwa mwendo ule ule.

Marinos.

Wale wawili walijifunza kuimba pamoja wakiwa watoto, kwenye jukwaa la waimbaji kanisani, bega kwa bega, padri yule yule akiwafinya masikio yale yale. Sauti zao hata mimi zimewahi kunichanganya kwenye simu. Tangu mama yetu afe, Marinos alikula kwa Kalliopi mara nyingi kuliko kwangu. Nikakaa nikiangalia mistari miwili kwenye kioo, wa marehemu na wa ndugu yangu, na nikajua kwamba nikiuacha wimbo ukatike, Marinos amekufa. Nikimweka yeye na wakamtambua, amekufa pia, tena vibaya zaidi.

Nikamweka.

Nilimshusha sauti kidogo. Nikampa ukavu wa koo. Mbele ya neno "Mama" nikabandika pumzi ya Vardis mwenyewe, ile anayovuta kabla ya kuimba, niliyoichuna kutoka kwenye kikohozi. Nikasikiliza. Nywele zikanisimama. Nikasikiliza tena nikatapika kwenye ndoo.

Uani kwa Mzee Anagnostis wanaume walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, mashati meusi, hakuna anayegusa gilasi. Marinos walikuwa wamemkalisha kwenye ncha ya meza, mkono umefungwa kitambaa cha mezani, uso umevimba hadi sikumjua. Grigoris alikaa nyuma yake, na sikio lake nililolipiga lilikuwa limekuwa la zambarau.

"Umemleta?" Mzee akauliza.

"Nimemleta."

Niliweka spika juu ya ukuta wa mawe. Mzee akainuka, na meza nzima ikainuka. Kalliopi akatoka jikoni na aproni yake, akasimama mlangoni.

Nikabonyeza.

Vardis akaimba. Niamini, msomaji, aliimba. Ubeti wa kwanza watu wakavua vitambaa vya kichwani. Wa pili, wanaume wenye shingo nene wakalia waziwazi, kamasi kwenye masharubu. Wa tatu, Mzee akauinua uso wake juu na kufumba macho, midomo yake ikifuata maneno.

Ikaja pumzi. Ukaja ubeti wa mwisho.

*Mama usifunge mlango...*

Mimi sikuangalia mtu. Niliangalia viatu vyangu.

Wimbo ukaisha. Kisha Grigoris akachomoa bastola, akaielekeza angani akapiga. Wengine wakachomoa zao. Mvua ya vumbi la mawe na majani ikashuka, watu wakakumbatiana, mtu akapiga kelele "Hai! Bado yu hai!" Mzee akanivuta kifuani kwake, ndevu zikanichoma shavu, akasema, "Nimekusamehe, binti yangu. Nimemsamehe na yeye. Leteni raki." Grigoris mwenyewe akammiminia Marinos pombe hiyo kali, akamshikia gilasi mdomoni.

Nikakaa juu ya ukuta kando ya spika. Nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia.

Kalliopi akaja polepole akipita katikati ya watu wanaokumbatiana. Nilidhani anakuja kunishukuru. Akainama kama anataka kunibusu, mdomo wake ukawa sikioni mwangu.

"Beti tatu ni za mwanangu," akasema. "Huu wa mwisho si wake."

Kicheko kikanikatika.

"Mama Kalliopi," nikasema. "Nakuomba. Nakupigia magoti."

"Mimi nimemzaa, Rodanthi. Ulidhani sitajua?"

"Watamuua."

Akaninyoosha nywele zangu kwa kiganja, akaziweka nyuma ya sikio, kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa msichana. Kisha akaenda hadi ncha ya meza. Grigoris akampisha. Akamshika Marinos kidevu kwa mkono wake wenye harufu ya ngano na mdalasini, akauinua ule uso uliovimba.

"Zimeni kelele," akasema.

Hakupandisha sauti, lakini uani kote watu wakanyamaza. Bastola zikateremka.

"Kalliopi," Mzee akaita kutoka upande wa pili. "Kuna nini tena?"

"Nataka kumsikia Marinos akiimba."

"Mama, taya limevimba," Grigoris akasema. "Mwache ale kwanza."

"Ataimba sasa. Ule ubeti wa mwisho."

Grigoris akamwangalia mama yake. Kisha akaiangalia spika. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona uso wake unaanza kubadilika, taratibu, na mkono wake unarudi kiunoni.

Nikaruka kutoka ukutani. Wanaume wawili wakanishika mabega kabla sijafika.

"Usiimbe!" nikapiga kelele. "Marinos, usiimbe!"

Marinos hakunitazama. Alikuwa anamtazama Kalliopi, na Kalliopi alikuwa bado amemshika kidevu.

"Kwenye mashine umeweza kuniita mama," akamwambia. "Haya. Niite mbele ya watu."

Mzee Anagnostis akaiacha bakora yake ikaanguka. Grigoris akakoki bastola. Marinos akafuta damu mdomoni kwa ule mkono uliovunjika, akavuta pumzi, akaanza kuimba.